Kutoka Kanisani Kabla ya Amani

Kama wewe nawe wageni wakiingia nyumbani kwenu unatokea mlango wa nyuma, unajifanya unakwenda kuangalia kuku, naomba usome haya mpaka mwisho. Siandiki kama mtaalamu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita, niko likizo kwetu Tlawi, na mpaka leo sielewi vizuri niliugua nini. Nesi alinitajia jina la ugonjwa, nikalisahau siku ileile, nikaona aibu kumuuliza tena. Wengine husema simu ndiyo iliyoniharibu. Wengine husema niliikimbilia simu kwa sababu nilikuwa nimeshaharibika. Mimi mwenyewe ukiniuliza Jumatatu nitasema hivi, ukiniuliza Alhamisi nitasema vile.

Nianze na mahafali ya kidato cha nne. Nilichaguliwa kusoma risala ya wahitimu kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri, kana kwamba mwandiko ndio unaosoma. Nilipofika kwenye "ndugu mgeni rasmi" ya pili, sauti ilikatika. Karatasi ilitetemeka mpaka ikawa inasikika kwenye kipaza sauti. Nilisimama pale sijui kwa muda gani, kisha nikarudi kukaa bila kumaliza, na mwalimu akanimalizia. Watu walipiga makofi ya huruma. Nikala wali na wenzangu nikadhani yameisha.

Siku hiyohiyo mama mdogo, ambaye ameolewa Mogitu, upande wa Hanang, alinipa zawadi ya simu ya tachi. Alikuwa amenunua kwa mapenzi yote na mpaka leo anajilaumu, ingawa nimemwambia aache. Baada ya mtihani niliingia kwenye kundi la darasa letu, na wiki ya Krismasi mtu mmoja akatupia humo video yangu. Kumbe nilikuwa nimerekodiwa. Ni sekunde chache tu: mimi, karatasi inayotetemeka, na kimya. Chini yake vikatuni vya kucheka, vingi, vikiendelea kuongezeka kila nilipofungua.

Mtu mwenye akili angetoka kwenye kundi. Mimi nilibaki. Nilijiambia nalinda, yaani nikiwa humo nitajua wanasema nini. Halafu nikaanza kuwajibu kwa mizaha, nikajicheka mwenyewe kabla hawajanicheka, na ikatokea kwamba nina kipaji cha mizaha. Walinipenda. Ndani ya simu nilikuwa msemaji wa kundi zima, lakini nikinyanyua macho akawepo mtu mbele yangu, ulimi unakauka. Sijui ni kwa nini mtu mmoja anaweza kuwa watu wawili. Nilikuwa najiuliza yupi kati yao ndiye mimi, Felista, na yule mwingine ni nani.

Kwetu mtandao unashika sehemu mbili, kule juu kwenye mikaratusi na kwenye kona ya stoo ya vitunguu saumu. Nikawa mtu wa stoo. Mama alifurahi mwanzoni, akawa anawaambia watu kwamba siku hizi Felista anajituma kuchambua vitunguu. Nilikuwa nanuka saumu kutwa nzima na vitunguu vilikuwa palepale.

Mwili ulianza kunigeuka Januari. Viganja vyangu vilitoka jasho hata kwenye baridi. Kidole gumba kiliuma, shingo ikawa nzito. Kula na watu kulinishinda kwa sababu niliona kila mtu anaangalia ninavyotafuna, basi nikawa nasema nimeshiba, na sketi ya shule ikaanza kufungwa kwa pini. Moyo ulikuwa unakwenda mbio nikisikia tu mtu anapiga hodi. Kisha siku zangu za mwezi hazikuja. Mwezi uliofuata hazikuja pia. Sikumwambia mtu. Ningemwambiaje, na kusema shikamoo kwenyewe kulikuwa kunanishinda?

Ndiyo, shikamoo. Usicheke. Kwetu mtoto hapiti mbele ya mtu mzima kimya. Unasimama, unaamkia, unapewa mkono, unaulizwa baba, mama, bibi, ng'ombe. Nilikuwa nikimwona mzee kwa mbali, naanza kulipanga lile neno mdomoni, na akinifikia limekwisha kauka. Ndipo nikajifunza njia za porini. Kwenda kisimani kwa njia ya kawaida ni dakika kumi, mimi nilikuwa natumia nusu saa ili nisikutane na mtu.

Na kanisani nilikuwa natoka kabla ya amani. Kwenye kigango chetu wanaume hukaa upande mmoja na wanawake upande mwingine, na ikifika wakati wa kutakiana amani, kila mtu anashikana mkono na waliomzunguka. Mimi na viganja vyangu vya maji! Baba Yetu ikianza tu, ninainuka, ninashika tumbo, ninatoka kama mtu anayekwenda chooni. Nilifanya hivyo Jumapili baada ya Jumapili. Niliamini hakuna anayeona. Kumbe walikuwa wanahesabu.

Siku moja nilipelekwa kuchunga karibu na mikaratusi. Nikazama kwenye kundi la darasa simuni, na ng'ombe wetu wakazama kwenye maharage ya Mama Yosefa, jirani yetu. Alinikuta nimekaa juu ya jiwe, ninacheka peke yangu.

"Wewe Felista! Huoni? Huoni ng'ombe wewe?"

Nilitaka kusema nisamehe mama. Nilitaka kusema shikamoo kwanza. Alinyoosha mkono kunikamata bega nami nikaruka nyuma, nikakimbia, nikamwachia ng'ombe, maharage na kila kitu. Baba alikwenda jioni ile kuomba radhi, wakaelewana. Lakini Mama Yosefa alirudi nyumbani kwake na swali lingine kabisa: kwa nini mtoto huyu hataki kuguswa?

Hapa inabidi nieleze jambo la zamani la kwetu Wairaqw. Enzi za bibi zetu, mwanamke aliyeharibikiwa na mimba, au nyumba iliyopatwa na kifo cha namna fulani, walijitenga na watu kwa muda mrefu. Hawashikani mikono na mtu, hawali na watu, hawachoti maji kisima cha wote, hawaendi kwa jirani. Ilihofiwa kwamba balaa lao litawapata wengine, hata mifugo. Leo tunasali, tumesoma, na ukimuuliza mtu atakwambia hayo yaliisha. Yaliisha midomoni. Mtu mzima akimwona msichana hatoi mkono, hali na watu, anakwenda kisimani kwa kujificha na anatoka kanisani kabla ya amani, anajua anachokiona. Na msichana mwenyewe hajaolewa.

Bibi yangu, mama yake baba, ndiye aliyeniuliza. Yeye ni mzaliwa wa Nambis na hana tabia ya kuzunguka maneno. Tulikuwa tunapepeta maharage mchana, mama akiwa shamba.

"Felista, siku zako ziko?"

Nilitikisa kichwa. Ningeweza kudanganya, lakini hata uongo unahitaji sauti.

"Mimba ilitoka lini?"

Nilimwangalia tu. Hata mvulana wa kunishika mkono sikuwahi kuwa naye, ningemtoa wapi, kwenye stoo? Nilifungua mdomo na hakuna kilichotoka. Bibi aliweka ungo chini polepole.

"Lisemwalo lipo," alisema, na machozi yakamtoka.

Baba yangu ni mwenyekiti wa kigango. Ni mpole, ila mtu mpole akiumia hujui umshike wapi. Matokeo yalikuwa yametoka, nimefaulu vizuri, na kila mtu alijua nitachaguliwa kwenda kidato cha tano. Jioni ile alikaa sebuleni akamwambia mama kwa sauti ya kutosha nisikie nikiwa stoo:

"Kama ni kweli, aseme. Kama si kweli, aseme. Lakini sitampeleka shule mtu nisiyemjua. Nitasaini fomu siku nitakayousikia ukweli kwa mdomo wake."

Basi shule yangu yote ikaning'inia kwenye mdomo wangu, kitu pekee nisichokuwa nacho. Nikafanya nilichojua kufanya. Nilimtumia baba meseji kutoka stoo: Baba si kweli, sijawahi, naapa. Nikasikia kisimu chake cha vitufe kikilia pale sebuleni. Alikuwa anatafuta miwani.

"Mama Felista," alisema hatimaye, "mtu yuko hatua tano kutoka hapa na ananitumia meseji. Ananidharau hivi?"

Aliingia, akaichukua simu mkononi mwangu, akaifungia kwenye sanduku lake la vyeti. Sikumlaumu, ila sikumwelewa, na yeye hakunielewa. Siku tatu zilizofuata nilitapika, nilitetemeka, sikulala. Nilikuwa naisikia simu ikitetemeka mapajani wakati haipo. Bibi alisema hayo ni ya mimba. Mama alisema twende hospitali.

Ilikuwa Kwaresima, mvua imeanza, barabara tope. Benchi la kusubiri lilikuwa refu, na wagonjwa wanasalimiana mstari mzima, huyu anauliza ya huyu, kama wako harusini. Mzee mmoja mwenye blanketi alikaa pembeni yangu akasubiri nimwamkie. Nilijua anasubiri. Niliangalia magoti yangu. "Watoto wa siku hizi," alisema. Mama akamwamkia kwa niaba yangu, sauti yake ina aibu, kisha akaweka kiganja chake juu ya changu chenye jasho na hakukiondoa mpaka tulipoitwa. Sijui kama anajua kwamba hicho ndicho kitu cha kwanza kilichonisaidia.

Nilipewa kikopo. Tulisubiri tena. Daktari akasema sina mimba. Mama alifunga macho akashukuru, na mimi nikadhani tumemaliza, tunarudi nyumbani, baba anakubali nisome. Lakini bibi aliposikia alisema, "Mimba iliyotoka itaonekanaje kwenye kikopo?" Na baba akatoka kwenda kuangalia ng'ombe. Kipimo kilikuwa kimejibu swali ambalo hakuna aliyeuliza.

Bahati ni kwamba daktari yule aliona mikono yangu. Alituelekeza chumba cha mwisho, kwa nesi mmoja mtu mzima aliyekuwa anafuma sweta. Hakuniangalia usoni. Alimwomba mama asubiri nje, akanisogezea karatasi na kalamu, akasema, "Mimi nafuma. Wewe kama una neno, andika. Kama huna, tuote jua hapa dirishani." Jua lenyewe halikuwepo. Niliandika kurasa tatu. Alizisoma zote, akafuta miwani, akaniambia haya siyo maringo, siyo laana, na mimi siyo wa kwanza kuingia chumba hicho. Nililia mpaka nikaona njaa, na mama akaninunulia andazi.

Tulikwenda kila baada ya wiki mbili. Nahesabu miezi ile kwa kliniki. Kliniki ya pili ilikuwa karibu na Pasaka. Nesi alisema simu irudishwe, jambo lililomshangaza kila mtu, ila ikae kwa mama, nipewe saa moja baada ya kula chakula mezani na wote. Nilikula tonge nne, nikaomba simu, nikaambiwa tonge nne siyo chakula. Wiki ile pia nilitoka kwenye kundi la darasa. Nililirudia. Nikatoka tena. Usidhani mtu anapona kama anayeshuka ngazi.

Kliniki ya tatu, mahindi yanabeba, nilipewa kazi ya kuamkia mtu mzima mmoja kwa siku na kutokimbia mpaka aondoke yeye. Nilianza na mama, jambo ambalo lilikuwa udanganyifu. Kisha bibi. Bibi aliitikia "marahaba" lakini mkono aliuficha ndani ya shuka. Aliniogopa, bibi yangu mwenyewe aliyenibeba mgongoni. Hilo liliniuma kuliko video.

Baba alikuwa anasema hajawahi kusikia ugonjwa wa kuogopa salamu. Kliniki ya nne alikuja. Mama alikuwa na malaria, hivyo hakuwa na la kufanya. Nesi alimwita ndani peke yake, wakakaa muda mrefu, na sijui mpaka leo walisema nini. Alipotoka alisema tu, "Twende." Lakini njiani kuelekea nyumbani nikaona ajabu. Kila tulipokutana na mtu mzima baba alisimama, akasalimia, akauliza ya nyumbani, kisha akanyamaza na kuangalia mawingu. Alikuwa ananisubiri. Kwa mtu wa kwanza nilishindwa, kwa wa pili pia. Wa tatu alikuwa bibi kizee mwenye kuni, na sauti ilinitoka nyembamba kama ya kifaranga: "Shikamoo." Baba alitembea kilometa nzima baadaye akipiga mluzi.

Hata hivyo hakusaini. Fomu ya shule ilikuja Juni, akaiweka juu ya kabati. Nilijikaza nikamwambia kwa mdomo, nikishika meza, "Baba, sijawahi kubeba mimba." Yalikuwa maneno manne na yalinichukua asubuhi nzima. Alisema, "Nimekusikia, mwanangu." Nikangoja achukue kalamu. Akasema watu bado wanasema, na yeye ndiye anasimama mbele yao kila Jumapili, na hajui afanye nini. Hiyo ndiyo mara ya kwanza kumsikia baba akikiri kwamba hajui. Nilidhani watu wazima hujua.

Kabla sijamaliza, wewe unayesoma, nikwambie machache. Usisubiri mpaka uelewe ndipo uombe msaada, mimi bado sijaelewa. Kama kusema kumekushinda, andika kwenye karatasi umpe mtu mmoja, ila usimtumie meseji baba yako. Usiitupe simu kwa hasira, utairudia kwa siri. Na wazazi, mtoto asiyewaamkia muulizeni anaumwa nini kabla hamjamuuliza amefanya nini. Mimi hata sasa viganja vinatoka maji nikisimama darasani. Najifuta kwenye sketi, naendelea.

Kazi ya mwisho aliyonipa nesi ilikuwa kukaa kanisani mpaka amani ipite. Jumapili ya kwanza niliinuka kama kawaida. Ya pili nilifika mlangoni nikarudi, lakini amani ilikuwa imekwisha. Ya tatu ilikuwa Jumapili ya mwisho kabla shule hazijafunguliwa, na fomu bado iko juu ya kabati. Baridi ya Julai, ukungu umeshuka mpaka mlangoni pa kanisa. Nilikaa katikati ya akina mama ili kutoka kuwe kugumu, bibi akiwa mtu wa pili kutoka kwangu. Baba Yetu ilipoanza miguu yangu iliinuka yenyewe, nikaikalisha. Tukaambiwa tutakiane amani.

Nikageuka na mkono wangu mbele. Nilikuwa nimeogopa miezi yote kwamba watu watanishika mkono. Sikuwahi kufikiri kwamba hawatanishika. Mama Yosefa aligeuka kutoka benchi la mbele, akampa mkono mwanamke wa kushoto kwangu, akampa wa kulia kwangu, na mimi akaniinamishia kichwa, mikono ameirudisha ndani ya kitenge. Wa pembeni naye akainamisha kichwa. Hawakuwa na ubaya, nadhani. Walikuwa na ng'ombe nyumbani, na wana wanaotarajia watoto. Nilibaki na mkono wangu hewani, unadondosha jasho, sijui niurudishe wapi, na wimbo umeshaanza.

Ndipo nikasikia benchi la mbele, upande wa wanaume, linakwaruza sakafu. Baba alitoka. Alivuka ile njia ya katikati ambayo sijawahi kuona mwanaume akiivuka wakati wa misa, akapita kati ya magoti ya akina mama akiomba radhi, na watu wakaacha kuimba mmoja mmoja. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Amani, Felista," alisema, kwa sauti ile anayosomea matangazo.

Nilimjibu. Sikumbuki kama sauti ilitoka. Nikadhani sasa ataniachia arudi kwenye nafasi yake, maana mwenyekiti ana kazi zake kule mbele. Bibi alisogea kidogo kumpisha. Baba akakaa pale, amebanwa kati yangu na mwanamke mwenye mtoto mchanga, mkono wangu bado anao, mpaka misa ikaisha.